Vitabu vya Kiyahudi vipangwe kwa mfumo upi?

"Nilisomea ukutubi Afrika Mashariki, na sasa ninaishi Marekani, ambako sinagogi moja limeniajiri kwa saa chache kila wiki niangalie maktaba yake. Vitabu ni kama 4,000, na theluthi yake ni vya Kiebrania, lugha ambayo kwa sasa ninazijua herufi zake tu. Aliyenitangulia aliviwekea baadhi namba za Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, vingine akaviacha na vibandiko vya rangi ambavyo hakuna anayekumbuka maana yake. Kamati imegawanyika. Mmoja anataka mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani kwa kuwa ndio unaotumiwa na vyuo vikuu. Mwingine anasema Dewey ni mfumo wa Kikristo usiofaa sinagogini. Rabi naye amesikia kwamba upo 'mfumo rasmi wa Kiyahudi' uitwao Elazar. Wasomaji wetu ni watoto wa shule ya dini, wazazi wao, na darasa la watu wazima. Ninaogopa kubandua lebo zote, kisha nigundue kwamba nimechagua vibaya. Nifanye nini? Na vitabu vilivyochakaa, je, ninaweza kuvitupa?"

Mwenzangu katika fani,

Swali lako lina hofu tatu ndani yake: hofu ya kuchagua mfumo usiofaa, hofu ya kuikwaza jumuiya iliyokuamini katika jambo linalogusa imani yake, na hofu ya kumaliza saa zako chache kwenye kazi itakayorudiwa baada ya miaka miwili. Mbili za kwanza hupungua sana mtu akishaelewa jinsi mifumo hii inavyofanya kazi. Ya tatu ndiyo inayostahili kukukosesha usingizi kidogo, na nitaigusia kwa kirefu.

Nianze na yule anayeiona Dewey kuwa ya Kikristo. Kuhusu chimbuko lake, hajakosea. Melvil Dewey alipotoa jedwali lake mwaka 1876, aliyagawa mafungu ya dini, yaani yale ya 200, kwa kadiri ya vitabu vilivyojaa katika maktaba za vyuo vya Marekani wakati huo. Biblia ilipata 220, Ukristo ukachukua 230 hadi 280, na dini nyingine zote za dunia zikabanwa ndani ya 290. Humo Uyahudi ukawa na 296 na Uislamu 297, kama mpangaji aliyepewa chumba kimoja cha uani kisha akaambiwa alete ukoo mzima. Maktaba ya umma yenye vitabu sitini vya Kiyahudi haioni tabu yoyote. Maktaba yako, ambayo karibu kila kitabu ni cha Kiyahudi, itaiona tabu hiyo kwenye kila lebo, kwa sababu vitabu vingi vitaanza na 296 na tofauti zote zitasukumwa nyuma ya nukta: Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo, 296.123, Talmudi ya Yerusalemu, mojawapo ya mikusanyo miwili mikubwa ya mijadala juu ya Mishna, 296.124, Talmudi ya Babeli 296.125, na Hagada, kitabu kinachosomwa mezani usiku wa Pasaka, 296.45371. Mpe mtoto wa miaka minane airudishe Hagada mahali pake, utaona mwenyewe.

Hata hivyo, namba haikiri imani yoyote, na wahariri wa Dewey wenyewe wameweka njia za hiari kwa maktaba za dini nyingine. Ipo, kwa mfano, namba ya hiari 296.11 kwa ajili ya Tanakh, yaani Biblia ya Kiebrania, ili maktaba ya Kiyahudi isilazimike kuiweka katika 221, ambako inaitwa Agano la Kale na kufuatwa na Agano Jipya katika 225. Sinagogi linaloendelea na Dewey huku likitumia nafasi hiyo halitendi kosa lolote la kidini. Hoja ya huyo mjumbe wa kamati ina ukweli wa kihistoria, ila peke yake haitoshi kukufanya ubandue lebo.

Hoja nzito dhidi ya Dewey ni nyingine, na ningependa uielewe vizuri kabla ya kukutana na kamati. Dewey na mfumo wa Maktaba ya Bunge vyote viwili huanza kwa kuuliza kitabu ni cha taaluma gani: dini, historia, lugha, fasihi, sheria, mapishi. Baada ya hapo ndipo vinapouliza kinahusu watu gani. Wayahudi ni dini, ni watu, ni lugha kadhaa, ni historia iliyosambaa mabara yote, kwa hiyo swali hilo la kwanza linawapasua. Katika Dewey, historia yao ulimwenguni iko 909.04924, maisha yao kama jamii 305.8924, lugha ya Kiebrania 492.4 na fasihi yake 892.4, ilhali Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wengi wa Ulaya, kimekwenda 439.1 pamoja na jamaa zake wa Kijerumani. Taifa la Israeli liko 956.94, na mapishi ya Kiyahudi yako 641.5676. Msomaji anayejiandaa kwa Pasaka atachukua Hagada kwenye rafu moja, kitabu cha mapishi cha sikukuu hiyohiyo upande wa pili wa chumba, na hadithi ya kuwasomea watoto mahali pa tatu. Katika maktaba ya mji mtawanyiko huo una mantiki, kwa kuwa mapishi ya Kiyahudi yanakaa jirani na mapishi ya watu wengine. Katika maktaba yako hakuna hao watu wengine. Kitabu cha mapishi kinabaki mkiwa.

Kuna mahali ambapo jambo hili linaonekana kwa macho, na ninakushauri uwaoneshe wanakamati moja kwa moja kwenye rafu. Katika Tanakh viko vitabu vitano vifupi viitwavyo Megilloti, ambavyo kwa desturi iliyoenea husomwa sinagogini katika siku maalumu za mwaka: Wimbo Ulio Bora wakati wa Pasaka, Ruthu katika Sikukuu ya Majuma, Maombolezo tarehe tisa ya mwezi wa Av wa kalenda ya Kiyahudi, Mhubiri katika Sikukuu ya Vibanda, na Esta siku ya Purimu. Kwa waumini ni vitabu vinavyokwenda pamoja, tena mara nyingi huchapwa katika juzuu moja. Dewey, ikifuata mpangilio wa Biblia za Kikristo, imeviweka hivi: Ruthu 222.35, Esta 222.9, Mhubiri 223.8, Wimbo Ulio Bora 223.9, Maombolezo 224.3. Ndugu watano wamegawanywa kati ya vitabu vya historia, vya mashairi na vya manabii. Danieli naye yuko 224.5 miongoni mwa manabii, ilhali katika Tanakh hayumo kabisa kwenye Manabii, yumo kwenye Maandiko. Mwalimu wa watu wazima anayeandaa somo la Megilloti atatembea rafu nzima ya Biblia na kurudi. Hiyo kwangu ni hoja nzito kuliko kusema mtungaji wa mfumo alikuwa wa dini gani.

Mfumo wa Maktaba ya Bunge nitaupitia kwa haraka, kwa sababu jibu lake kwenye hali yako ni rahisi. Ni mfumo wenye kina kikubwa. Uyahudi uko BM, Biblia BS, historia ya Wayahudi na ya Israeli kwenye DS, Kiebrania na Kiyidishi kwenye PJ, na sheria ya Kiyahudi imepewa jedwali lake yenyewe, KBM. Majedwali yake yanapatikana bure kwenye intaneti, tofauti na Dewey, ambayo ni mali ya OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, na toleo lake la mtandaoni hulipiwa. Lakini umeundwa kwa maktaba yenye mamilioni ya vitabu. Hata Megilloti zimo humo zikiwa zimetawanyika vilevile, na mtawanyiko wa taaluma ni uleule, isipokuwa sasa umevikwa herufi. Anayeutaka kwa sababu vyuo vikuu vinautumia anachagua kwa kuangalia wasomaji wa chuo kikuu. Wasomaji uliowataja ni watoto, wazazi na darasa la jioni. Ningekuwa na maktaba ya seminari ya marabi, ningeuchagua bila kusita. Kwenu, siuoni.

Sasa tuje kwa rabi wako. Hakuna mfumo mmoja rasmi wa Kiyahudi, wala hapajawahi kuwa na chombo chenye mamlaka ya kuutangaza. Kilichopo ni mifumo kadhaa, kila mmoja ukitungwa na mtu aliyekuwa na vitabu fulani mbele yake na wasomaji fulani nyuma yake. Abraham Freidus, mzaliwa wa Riga, aliyepewa kazi ya kusimamia kitengo cha vitabu vya Kiyahudi cha Maktaba ya Umma ya New York kilipoanzishwa mwaka 1897, alitunga jedwali la herufi lililogawanya elimu ya Kiyahudi kwa mantiki ya vitabu vya Kiyahudi vyenyewe. Gershom Scholem alihamia Yerusalemu mwaka 1923, kabla hajawa yule mwanazuoni mashuhuri wa Kabala, elimu ya siri ya Kiyahudi, anayejulikana leo, akapata kazi ya ukutubi katika maktaba ambayo baadaye ndiyo ikawa Maktaba ya Taifa ya Israeli. Yeye hakuitupa Dewey. Aliubakiza mfumo wa jumla kama ulivyo, akaipanua na kuipanga upya sehemu ya Kiyahudi, na jedwali lake likachapishwa mwaka 1927. Linatosha kuonesha kwamba hata Yerusalemu kwenyewe mtu aliyezijua elimu hizi kwa ndani aliona Dewey inarekebishika. Mueleze rabi habari hiyo. Huenda ikapoza mjadala.

Mifumo miwili ndiyo iliyolengwa kwa maktaba kama yako. Mmoja ni wa Mae Weine, ambao ni mwepesi, unafanana na Dewey iliyofupishwa, na umetunzwa na Chama cha Maktaba za Kiyahudi cha Marekani kwa ajili ya maktaba ndogo za sinagogi na shule. Mwingine ni huo wa Elazar, uliotungwa na ndugu wawili, David na Daniel Elazar, ukachapishwa kwanza mwaka 1968 na kufikia toleo la tatu mwaka 1997. Daniel alikuwa mwanazuoni wa siasa, na pengine ndiyo maana jumuiya na taasisi zake zimepewa nafasi ya heshima.

Elazar hugeuza lile swali la kwanza. Kwa kuwa huchukulia kwamba kila kitabu ndani ya chumba kinawahusu Wayahudi, namba zote elfu moja hugawiwa upya. Biblia na maelezo yake inachukua 001 hadi 099. Talmudi, Midrashi (ufafanuzi wa kale wa Maandiko) na vitabu vya Halakha (sheria ya Kiyahudi) viko katika mia ya 100, ibada na desturi katika 200, elimu katika 300, lugha na sayansi katika 400, fasihi pamoja na riwaya katika 500, jumuiya na sanaa zake katika 600, historia na wasifu wa watu katika 700, Israeli na Uzayuni (vuguvugu la kuwapatia Wayahudi nchi yao) katika 800, na vitabu vya jumla katika 900. Aliyewahi kukaa katika maktaba hizi atakuambia kwamba mpangilio huu unafuata jinsi elimu yenyewe ya Kiyahudi inavyofundishwa, ikianzia kwenye Maandiko, kisha ufafanuzi wake, kisha matendo, kisha watu. Namba ni fupi, zinaenea kwenye mgongo mwembamba wa kitabu cha mtoto, na mtoto anaweza kuelekezwa aende kwenye 200 kutafuta sikukuu.

Udhaifu wake nao usifichwe. Toleo la 1997 haliwezi kukuambia wapi pa kuweka mambo yaliyozuka baadaye, hivyo utalazimika kuamua mwenyewe na kuandika uamuzi wako. Pia namba zake hazikuji ukiwa umekaa. Vitabu vingi vilivyochapishwa Marekani vina namba za Dewey na za Maktaba ya Bunge nyuma ya ukurasa wa jina, na unaweza kuzinakili kwa dakika moja. Namba ya Elazar, mara nyingi, ni lazima ukisome kitabu kwanza. Hapa ndipo hofu yako ya tatu inapoingia. Chukua dakika kumi kwa kila kitabu, kukisoma, kukiamulia, kuandika kwenye katalogi, kuchapa lebo na kuibandika: vitabu 4,000 ni zaidi ya saa 660. Kwa mtu wa saa chache kwa wiki, hiyo ni miaka.

Iko hatari nyingine ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha, nayo ni kwamba Dewey na Elazar zote mbili hutumia tarakimu tatu. Katikati ya kazi, rafu zako zitakuwa na lebo za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Kitabu chenye 892 ya zamani kinaweza kuwa cha mashairi ya Kiebrania, lakini 892 ya Elazar iko kwenye fungu la Israeli na Uzayuni. Kitabu cha 296 ya Dewey kinaweza kuwa Talmudi, ilhali 296 ya Elazar inaangukia kwenye ibada na desturi. Mtu anayejitolea Jumapili, kwa nia njema kabisa, atarudisha Talmudi kati ya vitabu vya sala. Kwa hiyo lebo mpya ziwe za rangi tofauti, au zitanguliwe na herufi moja inayoonekana kwa mbali, tangu kitabu cha kwanza.

Ushauri wangu ni huu. Chagueni Elazar ikiwa masharti matatu yatatimia: mnalo toleo la tatu lenyewe mkononi, si karatasi ya muhtasari iliyopigwa picha, wako watu wawili, wewe na mwingine mwenye uhusiano wa kudumu na sinagogi, watakaofundishwa kulitumia, na kamati inakubali kwa maandishi kwamba kazi itachukua muda mrefu na itakwenda fungu kwa fungu. Sharti moja likikosekana, bakini na Dewey, na fanyeni marekebisho machache tu: Tanakh yote iende 296.11 kwa mpangilio wake wa Kiyahudi, vitabu vya sikukuu vikae pamoja yakiwemo mapishi yake, na namba zisizidi tarakimu tatu baada ya nukta. Dewey iliyorekebishwa na inayoeleweka ni bora kuliko Elazar iliyoachwa njiani. Nimeingia katika maktaba kadhaa zilizokwama katikati ya mageuzi ya namna hiyo, na hakuna msomaji anayeweza kupata kitu humo bila kumuuliza mtu.

Kwa vyovyote vile, usianze kwa kubandua. Anza kwa kuzisoma lebo za mtangulizi wako, maana zinasimulia. Vitabu vya mauaji ya halaiki ya Wayahudi wakati wa vita ya pili ya dunia, kwa mfano, matoleo ya zamani ya Dewey yaliviweka katika 940.5315, na baadaye vikapewa 940.5318. Maktaba ya Bunge nayo ilikuwa ikiviweka D810, chini ya alama ya J4, kabla ya kuvihamishia D804. Ukikuta somo hilohilo limekaa mahali pawili, hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliyekutangulia alinakili namba iliyokuwa halali siku hiyo. Sehemu hiyo ndiyo ningeipanga kwanza, kwa kuwa wasomaji wake ni wengi na vitabu vyake havihitaji Kiebrania kingi. Vitabu vya picha vya watoto wadogo sana visipewe namba yoyote. Vipange kwa herufi ya kwanza ya jina la mwandishi, umalize.

Uamuzi wa kitabu kimoja kimoja utakusumbua kuliko uchaguzi wa mfumo, na mfano mzuri uko karibu na kwetu. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwaambia viongozi wa Uzayuni kwamba ingeweza kuwapa Wayahudi eneo Afrika Mashariki. Mpango huo ukaitwa wa Uganda, ingawa ardhi iliyokusudiwa ni Uasin Gishu, ndani ya Kenya ya leo, na Kongamano la Kizayuni likaukataa mwaka 1905. Kitabu juu yake kiende wapi? Kwa Dewey kinaweza kwenda kwenye siasa za Uzayuni au kwenye historia ya Kenya, 967.62. Mkutubi wa Eldoret atachagua Kenya, na atakuwa sahihi. Wewe kiweke kwenye Uzayuni, katika mia ya 800 ya Elazar, kwa sababu msomaji wako anakitafuta akiwa anasoma jinsi Israeli ilivyopatikana. Kitabu kuhusu Abayudaya wa karibu na Mbale, jumuiya ya Kiyahudi ya Uganda iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919, hakiendi huko hata kama neno Uganda limo katika majina yote mawili. Hicho ni cha historia ya jumuiya za Kiyahudi kwa nchi, katika mia ya 700. Kila unapofanya uamuzi wa aina hii, uandike kwenye daftari moja pamoja na sababu yake. Daftari hilo ndilo litakalomfaa atakayekuja baada yako, kuliko hata jedwali.

Kumbuka pia kwamba rafu ni mahali pamoja tu, lakini katalogi inaweza kukipeleka kitabu kwa msomaji kwa njia nyingi. Mabishano mengi ya kamati kuhusu kitabu hiki kiwe hapa au pale huisha ukiwaonesha kwamba kitabu cha mapishi ya Pasaka kinaweza kuwa na vichwa viwili vya mada, mapishi na Pasaka, na kikapatikana kwa vyote.

Kuhusu Kiebrania, usijilazimishe kunukuu majina ya vitabu kwa herufi za Kilatini wewe mwenyewe. Kiebrania cha kawaida huchapwa bila irabu nyingi, kwa hiyo anayejua herufi tu hawezi kujua neno linasomwaje, na atatunga jina ambalo halipo. Chukua taarifa iliyokwisha kuandaliwa katika katalogi ya Maktaba ya Bunge au ya Maktaba ya Taifa ya Israeli, ambazo ziko wazi kwenye intaneti. Vitabu vingi vina ukurasa wa pili wa jina wenye herufi za Kilatini upande wa kushoto. Utakusaidia kukitambua kitabu, lakini jina lililoko huko wakati mwingine ni tofauti na la Kiebrania, kwa hiyo lisiwe ndilo jina kuu. Mwaka wa kuchapwa huandikwa kwa herufi zenye thamani ya namba, na elfu huachwa. Ukikuta tav, shin, kaf na het, jumlisha 400, 300, 20 na 8, upate 728, kisha ongeza 1240 na utapata 1968. Kwa kuwa mwaka wa Kiyahudi huanza majira ya vuli, andika 1967 au 1968. Chunga majina ya waandishi: Rambam ni Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, na Ramban ni Nahmanides, wa karne ya kumi na tatu. Herufi moja ya mwisho inatenganisha watu wawili na rafu mbili. Kitu kingine kidogo ni kwamba kitabu cha Kiebrania hufunguliwa kutoka kulia, na kijana wa kujitolea aliyezoea kubandika kadi ndani ya jalada la nyuma ataibandika juu ya ukurasa wa jina. Mwoneshe kwa mkono, usimwandikie.

Mimi ningeviweka vitabu vya Kiebrania katika rafu zake, kwa namba zilezile za mfumo mtakaouchagua, bila kuvitungia mfumo wa pili. Wapo wanaovichanganya na vya Kiingereza ili mwalimu aone vyote pamoja, nao wana hoja. Kwa watoto wenu, lakini, rafu yenye vitabu wasivyoweza kusoma nusu yake inakatisha tamaa.

Nimalizie na vitabu vilivyochakaa, kwani hapo ndipo unapohitaji mtu wa kuonana naye ana kwa ana. Usitupe chochote mpaka umemwona rabi. Kwa desturi ya Kiyahudi, maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi. Huwekwa kando mahali paitwapo geniza, kisha huzikwa kwa heshima. Kitabu cha sala kilichopasuka na Torati iliyoliwa na mchwa vinahusika. Riwaya ya Kiingereza isiyo na jina hilo kwa kawaida haihusiki. Mpaka uko wapi baina ya hivyo viwili, mwenye kusema ni rabi wa jumuiya hiyo, wala si mimi au mkutubi mwingine. Mwombe akuwekee sanduku moja kwa kazi hiyo, na kila kitu chenye shaka kiingie humo.

Na unapopekua, angalia ndani ya majalada. Baada ya vita, Jeshi la Marekani lilikusanya mjini Offenbach, karibu na Frankfurt, vitabu ambavyo Wanazi waliviiba katika nyumba, sinagogi na shule za Wayahudi wa Ulaya. Vile ambavyo wenyewe au warithi wao hawakupatikana viligawiwa na shirika lililoitwa Jewish Cultural Reconstruction, ambalo Hannah Arendt alilifanyia kazi kama katibu mtendaji, na sehemu kubwa ikaenda Israeli na Marekani. Vingine vilifika katika maktaba za kawaida kabisa, na bado vina kibandiko cha shirika hilo, au muhuri wa jumuiya ya Ulaya ambayo haipo tena. Ukikuta muhuri wa namna hiyo, au kitabu kilichochapwa kabla ya mwaka 1800, usibandike lebo yoyote mgongoni, usikifute, usikitengeneze kwa gundi. Kiweke kando, andika mahali ulipokikuta, piga picha ya muhuri, kisha muite mtaalamu wa vitabu adimu kutoka chuo kikuu kilicho karibu, au mwanachama wa Chama cha Maktaba za Kiyahudi aje akione. Kipande cha karatasi chenye namba yake, kiwekwe ndani bila kugundishwa, kinatosha mpaka atakapofika.